Imekufaje? Maneno Kuhusu Kompyuta ya Gemu Inayozima Mzigo Ukizidi

Ndugu mwenyekiti, wenzangu wa bisibisi na wenzangu wa padi, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeambiwa nina nusu saa. Nina tabia mbaya ya kuzungumza kama gemu isiyo na mahali pa kusevu, kwa hiyo mkiona napitiliza, nikohoeni.

Pale mezani mnaiona kompyuta. Mwenyewe yupo, safu ya pili, na amenikataza kumtaja jina maana anasema ameshaaibika vya kutosha. Habari za ugonjwa alinipa mlangoni kwa pumzi moja: "Mzee, nikisoma barua pepe inakaa siku nzima. Nikifungua gemu, dakika kumi, kwisha." Nikamuuliza, kwisha vipi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa marehemu alikuwa amevaa shati la rangi gani. "Kwisha, mzee. Imekufa tu."

Basi leo nina swali moja, na nitalizungukazunguka mpaka mchoke nalo: imekufaje? Sisi sote tunakimbilia kuuliza nini kimeharibika, na jibu tunalo hata kabla ya kufungua kasha: kadi ya grafiki, ile inayochora picha, kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo iliyotuuma mfukoni. Hatuulizi namna ya kufa. Na kwa mashine inayoanguka ikibebeshwa mzigo, namna ya kufa ndiyo karibu ushahidi wote ulio nao bila kutoa hata senti.

Kwanza, kwa nini mzigo? Kompyuta ya gemu ikiwa imetulia huvuta wati 60, 80, mia hivi. Gemu nzito ikianza, kadi ya grafiki peke yake inaweza kuvuta wati 300 au zaidi, na prosesa, ubongo wa mashine, ikaongeza mia moja au mbili za kwake. Tena umeme huo haupandi kwa utaratibu kama maji yanayojaza pipa. Unaruka na kushuka ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, huku fremu, yaani picha moja moja za gemu, zikichorwa. Kwa hiyo mzigo unapima mambo matatu kwa mpigo: kama umeme unafika wa kutosha, kama joto lina pa kutokea, na kama vipande vya ndani bado vinajua hesabu. Hilo la tatu watu hulisahau. Prosesa au RAM, kumbukumbu ya muda, inayokosea hesabu mara moja katika mabilioni haitakuangusha ukisoma barua. Kwenye gemu, mabilioni hayo yanakwisha kabla hujapepesa jicho.

Sasa vifo vyenyewe.

Kuna kifo cha giza. Skrini, feni, taa za kibodi, vyote vinazimika papo hapo kana kwamba mtu amechomoa waya ukutani. Hakuna ujumbe, hakuna kuganda. Hapo tazama mnachofanya baadaye. Ukibonyeza kitufe cha mbele na mashine haiitiki kabisa, mpaka uende nyuma ukazime swichi ya pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme, usubiri kidogo, uiwashe tena, basi mara nyingi ni pawa saplai yenyewe iliyojifunga ili kujilinda. Imeona kitu ilichoambiwa isikivumilie, ikafunga mlango na kukaa na ufunguo.

Kuna kifo cha skrini nyeusi na feni zinazonguruma kama ndege inayotaka kuruka, na huku kwenye vipokea sauti bado unawasikia wenzako wakikuita jina. Hiki msikichanganye na kile cha kwanza. Kompyuta haijafa. Imepotezana na kadi ya grafiki.

Kuna skrini ya bluu, ambayo watu wanaichukia, nami naipenda, maana ni maiti iliyoacha barua. Kuna kuganda, picha imesimama na sauti inarudia silabi moja kama santuri iliyokwaruzika. Na kuna gemu kujifunga yenyewe, ukajikuta unatazamana na ikoni za Windows kama vile hukuwa unacheza chochote. Hiki cha mwisho ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote, kwa sababu kinaonekana ni kosa la waliotengeneza gemu. Wakati mwingine ni kweli. Nitakirudia, kina kisa chake.

Mimi somo hili nililipata kwa njia ya gharama. Kompyuta yangu ilikuwa inazima katika gemu moja tu, ile yenye msitu na mvua. Nyingine zote shwari. Nikasema gemu mbovu, nikaifuta, nikaipakua upya. Ikazima. Nikasema ni Windows. Nikafuta diski nzima, mapumziko yote ya wikiendi yakaenda. Ikazima. Nikasema ni kadi, nikanunua nyingine. Na hapa ndipo penye mtego: ikakaa wiki tatu bila kuzima. Nikawatangazia watu dawa niliyoipata. Niliandika hata maelezo marefu ya kuwasaidia wengine, Mungu anisamehe.

Wiki ya nne ikazima.

Siku hiyo, kwa hasira tu, nikaacha kutibu nikaanza kutazama. Ilikufa mara tano jioni moja na zote zilikuwa kifo cha giza, na kila mara kitufe cha mbele kilikuwa bubu mpaka niguse swichi ya nyuma. Kadi yangu ilikuwa na matundu mawili ya umeme ya pini nane. Nami nilikuwa nimeyalisha yote mawili kwa waya mmoja wenye vichwa viwili, kwa sababu waya wa pili uliharibu sura ya ndani, na kasha langu lilikuwa na ubavu wa kioo. Nikachomeka waya wa pili. Hiyo ndiyo hadithi nzima. Kadi mpya ilikuwa inavuta umeme kidogo chini ya ile ya kwanza, basi ilihitaji muda mrefu zaidi kufika kwenye ukingo ule ule. Kadi ya zamani ilikuwa nzima kabisa, na mtu niliyemuuzia kwa bei ya kutupa anaitumia hadi leo na kunisalimia kwa furaha isiyo ya kawaida.

Turudi kwenye hesabu ya umeme, maana huku ndiko kwenye mali. Tundu la pini nane la kadi ya grafiki limepangiwa wati 150. Tundu la pini sita, 75. Nafasi yenyewe kwenye madabodi, bodi kuu ya mashine, inatoa hadi 75. Ukijumlisha utaona kadi yenye pini nane mbili imeruhusiwa wati 375. Lakini hizo ni wastani. Kadi za siku hizi zinaruka: kadi iliyoandikwa wati 350 inaweza kupita mbali juu ya kiasi hicho kwa kitambo kifupi kuliko mpigo wa bawa la nzi, kisha ikarudi chini. Programu ya kupima kwenye skrini haioni kitu, kwa sababu inachungulia mara moja au mbili kwa sekunde. Pawa saplai inaona. Nyingine inavumilia, nyingine inasema "basi" na kukata.

Jambo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2022 kanuni mpya za pawa saplai, zinazoitwa ATX 3.0, zililiandika waziwazi: pawa saplai kubwa ya aina hiyo yapaswa kustahimili mruko wa hadi mara mbili ya kiwango chake kwa maikrosekunde 100. Yaani ya wati 850 ikubali kuguswa na wati 1,700 kwa kupepesa huko bila kuzima. Za kabla ya hapo hazikuwa na sharti hilo, na nyingi zipo kazini. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na wati za kutosha kwenye karatasi na bado akafa gizani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayekuambia "wati 500 zinakutosha" hatakuwepo siku itakapozima.

Tena msisome namba kubwa ya ubavuni peke yake. Pawa saplai ina njia kadhaa za umeme, na prosesa pamoja na kadi vinakula hasa kwenye ile ya volti 12. Tafuteni kwenye kibandiko ampea za njia hiyo, mzidishe kwa 12. Ampea 54 mara 12 ni wati 648, na hiyo ndiyo namba ya kufanyia kazi, hata kama kasha limeandikwa kitu kinachopendeza zaidi. Kanuni za kabla ya ATX 3.0 ziliruhusu volti hizo 12 kuyumba kwa asilimia 5 tu, kati ya 11.4 na 12.6. Ukizipima, pima kwa mita, mashine ikiwa imebebeshwa mzigo. Namba inayoonyeshwa na programu iwe ni tetesi tu. Nimeona programu ikidai volti 8 kwenye mashine iliyokuwa inaendelea kucheza kwa raha zake.

Na kuna ule mdomo mpya wa kuipa kadi umeme, wa pini 16, uliotengenezwa kubeba hadi wati 600 katika nafasi ndogo kama kidole. Mwishoni mwa 2022 picha za midomo iliyoyeyuka zilisambaa, na NVIDIA, watengenezaji wa kadi hizo, ikasema katika kesi ilizochunguza sababu kubwa ilionekana kuwa mdomo ambao haukuingia mpaka mwisho. Baadaye ukaja mdomo uliorekebishwa, wenye pini za kuhisi zilizofupishwa ili kadi isivute umeme mwingi kama haujakaa sawasawa. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote la kisomi, zima, chomoa ukutani, sukuma kila kichwa mpaka ukute hakiendi tena. Usikunje waya karibu na mdomo. Na kama unawaza kufungua pawa saplai yenyewe utazame ndani, achana na wazo hilo: kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa, na huo hauna mazoezi ya pili.

Joto nitalipitia haraka, kwa sababu linasingiziwa mno. Prosesa za kisasa hazingoji zife. Zikipata joto zinajipunguza kasi zenyewe. Nyingi za Intel hufanya hivyo zikifika nyuzi 100, na Ryzen 7000 za AMD zimetengenezwa zikimbie hadi nyuzi 95 mchana kutwa bila kuomba radhi. Kwa hiyo ukiona 95 usipige yowe. Mashine yenye joto tupu kwa kawaida huanza kwa kupungua fremu, kusuasua, ndipo izime. Iliyokufa ghafla bila kusuasua, tafuta kwingine kwanza. Nasema kwanza. Pampu ya maji ya kupozea iliyosimama itaipeleka prosesa kwenye kuzima kwa sekunde chache, na bado kila mwaka nakutana na mtu aliyefunga hitisinki, chuma cha kupozea prosesa, bila kubandua plastiki ya chini iliyoandikwa kwa herufi nyekundu kwamba ibanduliwe. Jaribio la joto ni rahisi: toa ubavu wa kasha, elekeza feni ya kawaida ndani, cheza. Ikikaa muda mrefu zaidi ya kawaida, una habari. Kwenye kadi, msitazame joto la chipu peke yake. Kumbukumbu za GDDR6X, zilizomo kwenye baadhi ya kadi, zikifika nyuzi 110 zinaanza kujizuia, na chipu huku inaonyesha 70 yenye tabasamu.

Sasa barua za marehemu. Windows ina daftari lake, Event Viewer. Wengi mmelifungua, mkaona mstari mwekundu ulioandikwa Kernel-Power 41, mkaandika kila mahali "nina ugonjwa wa Kernel-Power 41". Huo si ugonjwa. Ni Windows inaamka asubuhi na kusema, "jana sikuzimwa kwa adabu." Basi. Ukichomoa waya ukutani sasa hivi, utaupata mstari huo huo. Thamani yake iko ndani, kwenye maelezo, pale penye BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika: umeme ulikatika, au iliganda ukaizima kwa kidole. Ikiwa kuna namba, ilikufa ikisema. Na namba hiyo imeandikwa kwa hesabu ya kawaida, ilhali skrini ya bluu inatumia hesabu ya kumi na sita, kwa hiyo 278 ni 0x116, yaani draiva, programu inayoiendesha kadi, ilishindwa kurudi, na 292 ni 0x124, ambapo vifaa vyenyewe vimekiri kosa.

Mkiikuta hiyo 0x124, tafuteni kwenye daftari hilo hilo jina la WHEA-Logger, karani wa makosa ya vifaa. Tukio namba 18 hutaja kiini cha prosesa kilicholalamika. Kikiwa kile kile mara nne, mara tano, mmempata mtu wenu. Wakitajwa tofauti kila mara, nyuma yao kuna kitu kinachowagusa wote: volteji, RAM, au mipangilio ya BIOS, ile programu inayoamka kabla ya Windows.

Na kwenye BIOS kuna jambo ambalo kila mmoja hapa amelifanya na hakuna anayelikiri. XMP. Au EXPO, kwa wale wa AMD. Mnawasha swichi ile ili RAM ikimbie kasi iliyoandikwa kwenye boksi, nanyi mnaona ni haki yenu kwa kuwa imeandikwa kwenye boksi. Ni kuovakloki, yaani kukimbiza kifaa kupita kasi kilichopangiwa. Kumepakwa rangi ya heshima, lakini ni kuovakloki, na kunategemea pia prosesa na madabodi yako, ambavyo havikusoma boksi hilo. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki ulikivaa mwenyewe. Kizimeni, mcheze siku mbili. Mtapoteza fremu chache. Mashine ikitulia, hamjalazimika kununua kitu. Vipande viwili vya RAM kwenye madabodi yenye matundu manne kwa kawaida vinakaa la pili na la nne kuanzia upande wa prosesa. Someni kitabu cha madabodi, maana nimewahi kuviona vimekaa pamoja kama maharusi na kompyuta inalia. Kisha MemTest86, inayowashwa kutoka kwenye flashi kabla ya Windows, iachiwe usiku mzima. Kosa moja ni nyingi. Hakuna RAM yenye makosa machache yanayovumilika.

Nimeahidi kisa cha gemu inayojifunga yenyewe. Mwaka 2024 wachezaji wengi wa gemu zilizojengwa kwa Unreal Engine, programu ya kutengenezea gemu, walikuwa wakipata ujumbe unaodai kwamba kumbukumbu ya kadi imekwisha. Watu wenye kadi za gigabaiti 24, gemu haijafika hata nusu yake, wanaambiwa imekwisha. Wakabadilisha draiva, wakabadilisha kadi. Mkosaji alikuwa prosesa. Gemu hizo zinapofungua, zinakunjua mafurushi makubwa ya data kwa viini vyote vya prosesa, kazi nzito kabisa, na prosesa iliyokosea katikati ya kazi hiyo ikazaa ujumbe wa uongo unaoinyooshea kadi kidole. Zilikuwa Intel za kizazi cha 13 na cha 14 za kompyuta za mezani. Julai mwaka huo Intel ikaeleza kwamba maikrokodi, maagizo ya ndani ya prosesa, ilikuwa ikiomba volteji kubwa kupita kiasi. Ikatoa maikrokodi 0x129 mwezi Agosti na 0x12B Septemba, ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Hizo zinakuja kwa kusasisha BIOS. Zinazuia uharibifu. Haziponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Hiyo ni ya kurudisha. Kwa hiyo mwenye prosesa za vizazi hivyo, akiona gemu inajifunga, asianzie kwenye kadi, aanzie kwenye toleo la BIOS yake. Nimewaambia ujumbe unaweza kusema uongo. Namna ya kufa, ikitazamwa mara kumi, haisemi uongo.

Kadi nayo ina dhambi zake, nisije nikaonekana wakili wake. Windows huipa kadi sekunde 2 kujibu. Ikinyamaza zaidi ya hapo, inaiwasha draiva upya, na hapo mnaona skrini inazima na kurudi, au isirudi. Septemba 2020, kadi za NVIDIA za RTX 3080 zilipotoka tu, baadhi zilikuwa zinaangusha gemu pindi kasi ya chipu inapovuka gigahatsi 2. Watu walizifungua wakahesabu kapasita za nyuma, mabishano yakawa makali kuliko ya mpira. Kabla mwezi haujaisha draiva mpya, 456.55, ikatoka na kwa wengi malalamiko yakatulia. Kapasita hazikuwa zimebadilika usiku. Julai mwaka uliofuata, wakati wa majaribio ya gemu ya New World, RTX 3090 kadhaa za EVGA zilikufa kabisa, nyingine zikiwa kwenye menyu tu. Menyu! Haikuwa na kikomo cha fremu, ikachora kurasa zile nyepesi kwa mamia kwa mamia. Kampuni ikazibadilisha na kueleza kwamba ulehemu wa kadi hizo ulikuwa na kasoro. Kwa hiyo wekeni kikomo cha fremu. Hata kama haikuponyi, ni jaribio: mashine inayokufa ikiwa haina kikomo na kuishi ikiwa na fremu 60 imekuambia kwamba tatizo liko kwenye kiasi cha mzigo, si kwenye gemu.

Vivyo hivyo punguzeni kikomo cha umeme wa kadi hadi asilimia 70 kwa MSI Afterburner au programu ya namna hiyo. Haihitaji kufungua hata skrubu moja. Ikiacha kufa, mmebakiwa na waya, pawa saplai au kadi yenyewe, na mmeisamehe RAM kwa kiasi kikubwa. Na wale mliosimamisha kadi wima kwa waya wa kurefusha ili ionekane kwenye kioo, najua mpo, tazameni WHEA-Logger tukio namba 17. Likijaa makosa yaliyosahihishwa ya PCIe, njia ya data kati ya kadi na madabodi, waya huo umeshindwa na kasi. Mwingi ulitengenezwa kwa PCIe 3.0 na umechomekwa kwenye kadi ya 4.0.

Dada mmoja pale nyuma ameinua mkono. Anauliza kwa nini asiendeshe tu FurMark, programu ya kuichosha kadi, dakika kumi, ikipita kadi ni nzima. Swali zuri sana, na jibu ni kwamba FurMark ni mzigo mzito lakini umetulia. Unapanda, unakaa palepale. Gemu inapanda na kushuka, na pawa saplai nyingi zinavumilia kilima, zikaanguka kwenye mashimo. Ikifeli FurMark umejifunza kitu. Ikipita umejifunza nusu. Kwa hiyo tenganisheni mizigo: prosesa peke yake kwanza, kwa Prime95 kwenye jaribio lake la vipande vidogo. Prime95 ilizaliwa kutafuta namba tasa kubwa, mwaka 1996, na uzuri wake ni kwamba kwenye jaribio hilo majibu inayajua tangu mwanzo, kwa hiyo prosesa ikidanganya inaikamata hapo hapo. Kisha kadi peke yake. Kisha zote mbili pamoja. Ikipita moja moja na kufa zikiwa pamoja, unajua nitakachosema, tazama umeme. Ikipita zote na gemu bado inaiua, rudi kwenye mizigo inayoyumba, na kwenye RAM.

Na badilisheni kitu kimoja. Kimoja tu, mwandike kwenye karatasi saa na namna ya kifo. Mimi niliyebadilisha vitatu bila kutazama namna ya kifo nimewaeleza nilivyoishia. Karatasi, nasema, kwa sababu mashine ya kuandikia ndiyo mgonjwa.

Mwenyekiti amekohoa. Sawa.

Kijana wangu wa safu ya pili, njoo hapa mbele. Nilidhani tangu mlangoni kwamba yako ni pawa saplai, nakiri, nikaitayarisha hotuba yote nikiiwaza hivyo. Sasa nikuulize tena. Imekufaje?

Anasema skrini inakuwa nyeusi. Feni zinapiga kelele. Na wenzake anaendelea kuwasikia masikioni.

Haya, mmesikia wenyewe, na nimeshapoteza dau langu. Si giza hiyo. Mashine inaishi. Na nikitazama kupitia hiki kioo, kadi imesimama wima, imependeza kweli, kwa waya mweusi bapa unaopita chini yake. Mwenyekiti, nipe bisibisi. Tunachomoa ukutani, tunatoa huo waya, tunaichomeka kadi kwenye madabodi moja kwa moja, na hatugusi kingine chochote, hata ile XMP ninayoiona kwa macho ya moyo. Halafu unafungua gemu lako. Ulisema dakika kumi? Nani hapa ana saa?